Lukasa na Ramani ya Ruta: Mlinganisho wa Kuhojiwa

Katika makaburi ya kale ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, mkoani Haut-Lomami, wachimbaji wa mwaka 1957 na 1958 walikuta misalaba ya shaba. Shaba hiyo ilitoka kusini. Lakini msalaba hausemi ulipita mikononi mwa nani. Unathibitisha kwamba njia ilikuwapo, basi.

Waluba waliojenga dola yao katika nchi hiyo baadaye walikuwa na chombo kinachosema zaidi: lukasa, ubao wa mti uliopambwa kwa shanga na makombe. Msomaji wake, mwanachama wa Mbudye, huushika kwa mkono wa kushoto, akazifuata shanga kwa kidole cha mkono wa kulia huku akisimulia wafalme, safari na mahali patakatifu. Si ajabu kwamba mwalimu wa kompyuta atashawishika kuifananisha lukasa na ramani iliyomo ndani ya ruta. Mlinganisho huu unavutia, na nusu yake ni kweli.

Katika itifaki za kale ruta ilijua umbali kwa kuambiwa na jirani, naye jirani aliambiwa na mwingine. Kiungo kikikatika, majirani waliweza kuendelea kurudishiana habari iliyokwisha kufa. Mtandao wa Arpanet nchini Marekani uliacha utaratibu huo mwaka 1979. Katika itifaki za hali ya viungo, kama OSPF, kila ruta hutangaza yale tu iliyoyashuhudia: majirani wake, na gharama ya kila kiungo. Tangazo husambazwa kwa ruta zote za eneo lake bila kubadilishwa, likiwa na namba ya mfuatano ili jipya lilishinde la zamani. Hivyo zote hupata ramani moja. Kisha kila moja, kwa kanuni aliyoichapisha Dijkstra mwaka 1959, hujikokotolea njia fupi kuanzia pale iliposimama.

Hapo ndipo mfanano ulipo: chombo ni kimoja, mahali pa kusimama ni pengi. Lakini ramani za ruta mbili zikihitilafiana, pakiti huweza kuzunguka baina yao mpaka muda wake uishe. Hitilafu hapo ni maradhi. Katika lukasa, kinyume chake, ubao uleule husomwa vingine mbele ya chifu mwingine, na uteuzi huo ndio usanii wa Mbudye. Anayeiita lukasa kompyuta humpokonya msomaji wake kazi yake. Aidha, humrudisha mwanafunzi wa fasihi simulizi kwenye kosa kongwe la kusaka masimulizi ya asili na kuyahesabu mengine yote kuwa ni uharibifu. Mtafiti aliyerekodi usomaji mmoja amerekodi njia moja. Ramani hajaipata, na huenda haipo.

Yako pia matumizi ya mlinganisho huu ambayo hayajatiliwa maanani. Tangazo la OSPF huhuishwa kila baada ya dakika 30. Likifikisha saa moja bila kuhuishwa, hufutwa katika kila ruta. Lukasa nyingi leo zimo katika makabati ya vioo ya majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, mbali na wasomaji wake. Shanga zake zimebaki mahali pake, wala hakuna aliyezifuta.