Heroe na machweo: wazo zuri lililozidishwa

Kitabu cha Concealing-Coloration in the Animal Kingdom kilitoka mwaka 1909. Kiliandikwa na Gerald Thayer kutokana na mawazo ya baba yake, Abbott Thayer, mchoraji wa Marekani.

Tuanze na sifa zake. Abbott alieleza vizuri kwa nini wanyama wengi, swala wakiwemo, wana mgongo wa rangi nzito na tumbo jeupe. Jua humulika juu, kivuli hukaa chini. Rangi hizo hupunguza tofauti hiyo, na mwili huonekana bapa. Hapo kazi safi kabisa, mpaka leo tunaifundisha.

Shida ni pale anapotaka karibu kila rangi iwe ya kujificha. Eti heroe ni wa waridi ili wafanane na anga la mawio na machweo! Jamani, na saa sita mchana je? Tena ndege akiwa mbele ya anga lenye mwanga huonekana mweusi tu. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka kuwinda Afrika Mashariki, alimpinga vikali mwaka 1911. Na waridi ya heroe wa Natron na Bogoria hutokana na karotenoidi zilizomo kwenye chakula chao.

Mchoraji huchagua saa na pembe ya kutazamia. Mwindaji hachaguliwi. Ukiitafutia mandhari, rangi yoyote itapotea. Kwa hiyo kisome kitabu hiki, ila kila ukurasa uulize: nani anatazama, akiwa wapi, saa ngapi?