Kiti cha Mwamuzi: Shindano la Urembo na Usimulizi wa Shetani Msalabani

Makala haya yalianza na swali la mwanafunzi. Katika semina yetu ya uzamili tulikuwa tukiisoma riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Shetani Msalabani, nasi tulikuwa tumefika penye shindano la wezi na wanyang'anyi huko Ilmorog. Kama ilivyo desturi ya semina za aina hii, mazungumzo yalihusu ubeberu, tabaka la mawakala na matumizi ya tashtiti. Mwanafunzi mmoja, ambaye miaka kadhaa kabla ya hapo aliwahi kushiriki shindano la urembo katika hoteli ya katikati ya jiji la Nairobi, alinyamaza hadi karibu na mwisho wa kipindi. Kisha akasema: "Mwalimu, mashindano mimi nayajua. Hawa wanaume wanasema mpaka wanachoka. Sisi tulipewa dakika moja. Tena Wariinga hakupanda jukwaani, lakini anapimwa tangu ukurasa wa kwanza. Anayempima ni nani?"

Sikuwa na jibu la kumpa siku ile. Uhakiki wa riwaya hii kwa Kiswahili umelichukulia shindano la pangoni kuwa ni istiari ya uchumi, na jambo hilo ni sahihi. Hata hivyo, umbo la shindano lenyewe, yaani mpangilio wa anayeonekana, anayesema na anayetoa alama, halijachunguzwa vya kutosha. Dai letu ni kwamba Ngũgĩ amelipindua shindano la urembo kwa ustadi mkubwa, lakini kiti kimoja hakukipindua, nacho ni kile alichokalia msimulizi wake.

Tuanze na shindano lenyewe kama matini. Mlimbwende huingia akiwa na namba. Hutembea, husimama, hugeuka ili aonekane kwa nyuma, kisha hutoka. Mfawidhi ndiye anayemtaja jina, umri, urefu na mambo apendayo, na yote hayo husemwa katika nafsi ya tatu ilhali mwenyewe yuko pale akitabasamu. Kwa lugha ya fani yetu, yeye ni mhusika asiye na usemi halisi. Usemi huja mwishoni kabisa na huja kama zawadi, kwani aghalabu ni wale wachache waliobaki ndio huulizwa swali. Wakenya wanalikumbuka hilo kutokana na mashindano ya Miss World ya 2016 na 2017, ambapo Evelyn Njambi na kisha Magline Jeruto walifika katika tano bora. Kuvuka ngazi hiyo kulikuwa pia ni kuvuka kutoka katika kutazamwa na kuingia katika kusikilizwa. Walioachwa nyuma waliondoka ukumbini bila hadhira kuijua sauti yao.

Sina budi kukiri kwamba mimi mwenyewe nimewahi kuketi upande wa pili. Niliombwa kuwa mwamuzi wa shindano la wanafunzi, nikapewa karatasi yenye safu za mwendo, mavazi, umbo na kujieleza. Safu ya kujieleza ndiyo iliyokuwa na alama chache kuliko zote. Niliijaza kwa uaminifu, na sikumbuki hata jibu moja lililotolewa usiku ule. Nakumbuka mavazi.

Neno "mlimbwende" lenyewe linastahili kuangaliwa kidogo. Katika matumizi ya zamani halikumhusu mwanamke peke yake. Lilimhusu mtu yeyote apendaye kujipamba na kujionyesha, na mwanamume mtanashati kupita kiasi aliitwa hivyo kwa kejeli. Magazeti ndiyo yaliyolifinya hadi likawa jina la msichana wa jukwaani. Riwaya ya Ngũgĩ, bila shaka pasipo kukusudia maana Kigĩkũyũ ndicho alichoandikia kwanza, inaturudisha kwenye maana ile pana. Walimbwende wa pangoni ni wanaume.

Kila anayepanda jukwaani Ilmorog anapaswa kutaja jina lake na anwani yake, idadi ya wake na mahawara, magari yake na ya wanawake wake, na kisha historia yake katika wizi. Haya ni maswali ya mfawidhi wa shindano la urembo yaliyovishwa suti. Miili nayo inatazamwa bila huruma. Gitutu wa Gataanguru anatanguliwa na tumbo lake. Kihaahu wa Gatheeca amerefuka kila kiungo. Msomaji anapewa fursa ya kuwageuza na kuwatazama kwa mbele na nyuma kama vile madume ya ng'ombe yanavyozungushwa uwanjani Jamhuri Park, karibu na barabara ya Ngong, wakati wa maonyesho ya kilimo, kila mmoja akingoja utepe wake. Wageni kutoka ng'ambo, waliovaa mavazi yaliyoshonwa kwa noti za nchi zao, wameketi mahali pa heshima, nao ndio wenye tuzo. Hapo kuna kinaya cha hali ya juu: matajiri waliozoea kupima wengine wanapimwa, na wanafurahia kupimwa.

Tukio la Ndaaya wa Kahuria linaonyesha jinsi mwandishi anavyoielewa mantiki ya jukwaa. Huyu ni mwizi wa kuku, anaiba kwa sababu ya njaa, na suti yake haimkai. Anafukuzwa kabla ya kumaliza. Sababu inayotolewa ni udogo wa wizi wake, lakini msomaji ameshaona kwamba hukumu ilitangulia maneno. Ilitolewa na macho alipokuwa bado anapanda. Mtu yeyote aliyewahi kutolewa katika raundi ya kwanza ataitambua hali hiyo.

Hata hivyo, kuna tofauti moja kati ya pango na ukumbi wa hoteli, nayo ndiyo aliyoigusa mwanafunzi wetu. Wanaume wa Ilmorog wana neno. Kila mmoja anapewa kurasa kadhaa za majigambo, na majigambo katika fasihi simulizi ya Kiafrika ni utanzu wa mwenye hadhi: mtu hujisifu kwa nafsi ya kwanza, naye ndiye chanzo cha habari zake. Kwa hiyo hata wanapochekwa hawanyang'anywi usemi. Wanajifunga kwa ndimi zao wenyewe. Mlimbwende wa kike hapewi hata nafasi ya kujifunga.

Sasa tumgeukie Jacinta Wariinga. Tunapokutana naye Nairobi amekwisha kushindwa katika shindano ambalo halikutangazwa popote. Amefukuzwa kazi ya ukatibu kwa kumkataa Bosi Kihaara, ameachwa na mpenziwe, amefukuzwa katika chumba alichopanga, na anatangatanga mjini hadi barabara ya Racecourse. (Jina hilo ni mabaki ya uwanja wa farasi uliokuwa upande huo wa mji kabla ya mbio kuhamishiwa Ngong mnamo 1954, farasi walikwenda magharibi kwenye vitongoji vyenye miti, na jina likabakia kwa watembea kwa miguu.) Katika ofisi za mji huu, anavyoeleza yeye mwenyewe ndani ya matatu, sifa ya kuajiriwa hupimwa kwingine kusikohusiana na kasi ya kupiga chapa. Hapo Wariinga anasema, na anasema vizuri. Maelezo yake kuhusu msichana anayetafuta kazi ni miongoni mwa sehemu zenye nguvu kuliko zote katika riwaya, kwa kuwa mshindani ndiye anayelieleza shindano.

Lakini kabla ya kumpa nafasi hiyo msimulizi amekwisha kumpitisha mbele yetu. Tumeambiwa kuhusu ngozi yake aliyoichubua kwa Ambi na Snowfire, nywele alizozichoma, meno anayoyaonea haya, na tena kwamba anapojisahau ndipo uzuri wake unapodhihirika na kuvuta macho ya wanaume. Somo la kisiasa liko wazi: chuki ya Mwafrika dhidi ya mwili wake ni zao la ukoloni. Tunalikubali. Lakini tuangalie namna somo linavyofundishwa. Wariinga anakosea anapojiona mbaya, na anayejua kwamba yeye ni mzuri ni msimulizi. Alama zimebadilishwa kutoka sufuri hadi kumi, ilhali karatasi ya alama imebaki mkononi mwa yule yule.

Yamkini atatokea wa kusema kwamba sehemu ya pili ya riwaya inalijibu pingamizi hili. Wariinga anarudi akiwa fundi wa mitambo, amesoma, anafanya kazi gereji pamoja na wanaume na anaweza kumwangusha mtu anayethubutu kumshika. Inafaa hapa kukumbuka kwamba yapo mashindano ya malkia yanayodai ufundi. Kule Marekani, katika michezo ya wachunga ng'ombe iitwayo rodeo, binti anayetaka taji hupimwa pia kwa jinsi anavyomwendesha farasi, na tabasamu peke yake halimpi ushindi. Anapokuwa juu ya farasi kuna jambo analolifanya, na jambo hilo lina usahihi wake usiotegemea macho ya mtazamaji: farasi ametii au hakutii. Injini ya Wariinga ingeweza kufanya kazi hiyo. Imewaka au haikuwaka. Kwa kurasa chache inakuwa hivyo, na hizo ni kurasa ambazo mwili wake unatenda badala ya kutazamwa. Lakini msimulizi hajizuii. Fundi anapoinuka kutoka chini ya gari tunaelezwa tena jinsi nguo zilivyomkaa. Farasi ameletwa jukwaani, kisha tunaombwa tumtazame mpandaji.

Jambo hili linafikia kilele katika safari ya kwenda kwa wazazi wa Gatuiria. Wariinga amevaa mavazi ya asili ya Kikuyu na vipuli na shanga, na msimulizi anatua kumwangalia kwa utulivu ambao hakumpa mtu mwingine yeyote katika kitabu kizima. Ni mapito ya jukwaani bila kasoro. Kilichofichwa na mapito hayo ni bastola iliyomo mkobani. Ipo hoja nzuri ya kumtetea mwandishi hapa: kwamba anatutega, anatufanya tuwe waamuzi kama Mzee Tajiri wa Ngorika alivyokuwa, ili risasi zitakapolia zitukute nasi tumeketi kwenye kiti kile kile. Ningependa kuikubali. Kinachonizuia ni kwamba mtego hufanya kazi ikiwa mteguaji yuko nje yake, na msimulizi huyu hakuonyesha popote kwamba anaona haya kwa kutazama.

Tena msimulizi huyu si sauti tupu. Ni mtambaji wa gĩcaandĩ, Nabii wa Haki, na mwanzoni mwa riwaya mama yake Wariinga anamsihi asimulie habari za binti yake ili watu wasihukumu kabla ya kuujua ukweli wote. Ombi hilo ndilo ufunguo wa kazi nzima. Mama hasemi watu wasihukumu. Anasema wahukumu baada ya kujua. Kiti cha mwamuzi hakiondolewi ukumbini. Kinasogezwa tu, tukaalikwa sisi kukikalia, naye binti anayehukumiwa hakuombwa kusimulia.

Je, palikuwa na njia nyingine? Fasihi yetu ya pwani inayo. Vyama vya lelemama vya wanawake wa Mombasa, ambavyo Margaret Strobel alivichunguza katika kitabu chake cha 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa mji huo, vilishindana kwa mavazi, kwa karamu, kwa vyeo na kwa nyimbo. Urembo ulikuwapo kwa wingi na gharama yake ilikuwa kubwa. Lakini waliotazama walikuwa washindani wenyewe, na hukumu ilitoka katika wimbo wa kujibu wimbo. Aliyeshindwa leo alikwenda kutunga. Kule Unguja Siti binti Saad, aliyesutwa kwa sura yake na asili yake, aliwajibu wasutaji kwa kuimba, na jibu limedumu kuliko suto. Simaanishi kwamba ngoma hizo zilikuwa pepo ya wanawake. Tofauti za uungwana na utumwa zilikaliwa mle mle. Nasema tu kwamba uwezo wa kujibu ulikuwa sehemu ya kanuni za mchezo, haukuwa zawadi ya tano bora.

Tanzania ilichagua njia ya tatu: ilipiga marufuku mashindano ya urembo mwishoni mwa miaka ya 1960, yakarudi 1994. Marufuku hiyo ilimwondoa mwamuzi, lakini ilimwondoa mshindani pia bila kumuuliza. Mnamo Novemba 1970, wanawake walipovuruga Miss World katika ukumbi wa Royal Albert jijini London, walisisitiza kwamba hawakuwa na ugomvi na washindani. Usiku huo huo Jennifer Hosten wa Grenada akawa mwanamke wa kwanza mweusi kuvikwa taji lile. Uhakiki usioweza kuyashika mambo hayo mawili kwa mkono mmoja hautamfaa mwanafunzi wangu.

Ngũgĩ aliiandika riwaya hii mnamo 1978 katika gereza la Kamiti, kwenye karatasi za msalani. Upande wa pili wa jiji, katika Gereza la Wanawake la Lang'ata, wafungwa na mahabusu wamekuwa wakishindania taji la urembo la gereza hilo. Sijui kama kuna hadhira nyingine inayojua vizuri zaidi maana ya kuhukumiwa. Wanawake wale wamekwisha kusimama mbele ya mahakimu na kusemewa na mawakili. Jukwaani wanasimama tena mbele ya waamuzi, kwa hiari yao safari hii. Mwanafunzi wetu sasa anaandika tasnifu kuhusu majibu ya walimbwende, yaani ile dakika moja tu. Katika mahojiano yake anawauliza wangesema nini kama wasingeulizwa swali. Nilimshauri aanze na Shetani Msalabani, akakataa. Anataka kumalizia nayo, kwa sababu ya ukurasa wa mwisho. Nimeurudia ukurasa huo na nadhani ana hoja. Wariinga amekwisha kupiga risasi, Gatuiria amesimama asijue la kufanya, na yeye anakwenda zake bila kugeuka nyuma. Msimulizi hasemi amevaa nini. Anasema analolijua Wariinga moyoni mwake kuhusu mapambano yaliyo mbele, kisha ananyamaza.