Nani Alimharibu Rosa? Usomaji kutoka Bunia

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili umezoea kumwuliza mhusika wa kike swali moja: nani alimharibu? Mfano mashuhuri ni Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi. Zakaria anampiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anakua akiwaogopa wanaume, anapoteza mwelekeo akiwa masomoni mbali na nyumbani, na hatimaye anajiua. Lawama humwangukia baba, na riwaya yenyewe inauruhusu usomaji huo. Makala haya hayakusudii kumpachika Rosa jina la kitabibu, kwani mhusika wa kubuni hapimwi hospitalini. Kinachohojiwa ni mazoea yetu ya usomaji: mwenendo wa mwanamke hutafutiwa sababu moja ya nje, na ikishapatikana, swali hufungwa.

Mazoea hayo hayaishii vitabuni. Mji wa Bunia ulipitia vita vya Ituri vya mwaka 1999 hadi 2003, na mapigano yakazuka tena katika eneo hilo Desemba 2017. Mahali kama hapo, mwanamke wa makamo anayekwepa mikusanyiko, anayeumizwa na kelele za soko na kufadhaika ratiba yake inapovurugwa, hupata maelezo mepesi: ni vita. Mara nyingi maelezo hayo ni ya kweli. Hata hivyo, usonji huanza utotoni. Swali la msingi, basi, ni hili: alikuwaje kabla ya kukimbia? Atakayemchunguza ukubwani atahitaji habari za utoto wake, ilhali mama na shangazi ambao wangezieleza huenda wamekufa au wametawanyika. Vita hutoa jibu, na papo hapo huwaondoa mashahidi.

Sayansi nayo ilichelewa. Leo Kanner alipoieleza hali hiyo mwaka 1943, watoto wake walikuwa 11, na 8 kati yao walikuwa wavulana. Kwa miaka mingi sura ya usonji ikabaki ya kiume. Aidha, wasichana wengi hujifunza mapema kuwaiga wenzao na kuificha tofauti yao. Lugha huwasaidia kuificha: binti mnyamavu husifiwa kuwa ana adabu, na akisema jambo waziwazi huitwa mwenye kiburi. Maneno yote mawili hupima malezi. Hakuna linalouliza juu ya maumbile ya akili. Uchovu wa kuigiza kila siku anaujua mwenyewe, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kuuliza "alikuwaje tangu mwanzo?" hakumwondolei Zakaria hatia, wala hakupunguzi ukatili wa vita. Kunamrudishia mwanamke sehemu ya maisha yake iliyotangulia madhara aliyotendewa. Uhakiki unaoanza na mwenye kosa na kuishia naye utaendelea kumfahamu mtesaji kuliko aliyeteswa.