Njia, Mali na Mwili katika Riwaya za Dukuh Paruk za Ahmad Tohari

Utangulizi

Riwaya za maisha ya mashambani hukabiliwa na hatari moja mikononi mwa wahakiki: husomwa kana kwamba kijiji ni kisiwa. Mji hupewa historia, nacho kijiji huachiwa mila tu. Makala haya yanachunguza riwaya tatu za mwandishi wa Indonesia, Ahmad Tohari, zinazofuatana kisa kwa kisa: Ronggeng Dukuh Paruk (1982), Lintang Kemukus Dini Hari (1985) na Jantera Bianglala (1986). Tohari alizaliwa mwaka 1948 katika eneo la Banyumas, Jawa ya Kati, na mandhari ya riwaya hizi ni ya nyumbani kwake.

Ni rahisi kuzisoma kama kisa cha kitongoji kilichojitenga na ulimwengu, kikavamiwa ghafla na siasa za mwaka 1965. Rai ya makala haya ni tofauti. Tunadai kwamba Dukuh Paruk hakijawahi kujitenga. Kila kinachoingia kwa njia zake nyembamba huja kudai umilikaji wa kitu fulani. Aidha, katika riwaya hizi, anayetoka kwa miguu yake hujipatia hadhi, ilhali anayepelekwa na wengine hupokonywa hata ile aliyokuwa nayo.

Mali ya wasio na mali

Kitongoji kinachosawiriwa kina nyumba 23, na wakaaji wake wote ni ukoo mmoja unaomhesabu Ki Secamenggala kuwa mzazi wao wa asili. Kimezungukwa na majaruba mapana ya mpunga, na njia za kukifikia ni kingo za majaruba hayo. Riwaya ya kwanza inafunguliwa wakati wa kiangazi, ardhi ikiwa imekauka hata wavulana watatu wanalazimika kuikojolea ili waweze kung'oa shina la muhogo. Tukio hili linachekesha, lakini ndilo linalotupa kipimo cha utajiri wa mahali hapa.

Mwaka 1963 mwanaanthropolojia Clifford Geertz alitoa hoja kwamba wakulima wa mpunga wa Jawa, kadiri walivyozidi kuongezeka, waligawana kazi na mavuno hata wakawa wanagawana umaskini wenyewe. Wataalamu waliomfuata waliipinga picha hiyo, wakionyesha kuwa ndani ya vijiji vya Jawa mlikuwa na wenye ardhi na wasio nayo. Tohari anatupa njia ya tatu ya kulitazama suala hili. Ni kweli kwamba Dukuh Paruk wanagawana njaa. Hata mauti waliyagawana, pale chakula cha machicha ya nazi yaliyochachushwa kilipogeuka sumu, kikawaua watu wengi wakiwemo wazazi wa Srintil waliokitengeneza. Lakini vipo visivyogawanyika, na hivyo ndivyo vinavyogombewa.

Viwili ni muhimu. Cha kwanza ni jambia la kale ambalo Rasus analitoa kwao na kumpa Srintil kwa mapenzi ya kitoto. Mara tu zawadi hiyo inapotambuliwa na wazee kuwa ni amana ya wachezaji ngoma wa zamani, inaacha kuwa yake Rasus, inakuwa ushahidi kwamba Srintil kweli ni ronggeng, yaani mchezaji ngoma aliyeteuliwa na mizimu ya kitongoji. Hapa mwandishi anatumia kinaya kwa ustadi: Rasus anachangia, bila kujua, kumpoteza yule anayempenda.

Cha pili ni Srintil mwenyewe. Kabla ya kukamilika kuwa ronggeng hana budi kupitia mwiko wa 'kufunguliwa chandarua', ambapo ubikira wake unauzwa kwa atakayetoa sarafu ya dhahabu. Mnunuzi mmoja anakuja na sarafu za fedha na nyati, mwingine anakuja na dhahabu. Kartareja, ambaye kwa lugha yetu tungemwita kungwi, anawahadaa wote wawili na kupokea mali ya kila mmoja. Tuangalie kinachobadilishwa hapa. Nyati ndiye nguvu ya kulima, na ndiye akiba ya mkulima wa Jawa. Anapowekwa mizani moja na mwili wa msichana, riwaya inatuonyesha kwamba kitongoji kisicho na ardhi ya kutosha kimeigeuza mila kuwa shamba. Ronggeng husemwa kuwa ni wa wote. Faida yake, hata hivyo, ina wenyewe.

Wanaokwenda na wanaopelekwa

Motifu ya safari inajitokeza mapema. Mama yake Rasus alitoweka baada ya maafa ya sumu. Huenda alikufa akapelekwa mjini, huenda aliondoka na mhudumu wa afya. Mwanawe hana njia ya kujua. Rasus anakua akimtafuta mama huyo katika sura ya Srintil, na Srintil anapouzwa, anakimbilia soko la Dawuan. Huko anamenya mihogo, anakutana na wanajeshi, anakuwa mtumishi wao, na hatimaye mwenzao. Anaporudi na bunduki kukilinda kitongoji dhidi ya majambazi, wale waliomdharau wanamheshimu. Srintil anamwomba abaki. Yeye anaondoka alfajiri.

Srintil naye husafiri, lakini safari zake za hiari ni chache na hazimfikishi anakotaka. Anaalikwa Alaswangkal na tajiri ili amfunze mwanawe uanaume. Anapandishwa kwenye majukwaa ya mikutano na Bakar, mwanasiasa anayeleta vipaza sauti na mabango ambayo watu wa kitongoji hawawezi kuyasoma. Baada ya 1965 anapelekwa kizuizini, na kitongoji kinateketezwa. Baadaye anakuja Bajus, mtumishi wa mradi wa kuyapelekea mashamba maji. Anampa Srintil matumaini ya ndoa, kisha anataka kumtoa kwa mkubwa wake. Anapokataa, anatishwa kwa kurudishwa kizuizini, na akili yake inavunjika. Kungwi, mwanasiasa na mtu wa maendeleo wanakuja kwa lugha tatu mbalimbali. Dai lao ni moja.

Sauti kama mali

Hoja hii inathibitishwa na fani. Sehemu kubwa ya riwaya ya kwanza inasimuliwa na Rasus kwa nafsi ya kwanza. Kwa hiyo hukumu kali tunazozisoma kuhusu ujinga na uchafu wa Dukuh Paruk ni hukumu za aliyekwisha kutoka. Riwaya ya pili inachukua nafsi ya tatu, nasi tunaingia kwa kina katika mawazo ya Srintil. Mwishoni mwa riwaya ya tatu 'mimi' ya Rasus inarejea, wakati uleule ambapo Srintil amepoteza usemi wenye maana. Rasus anamfikisha hospitalini na kumtambulisha kuwa mchumba wake. Msomaji anaguswa, na ana haki ya kuguswa. Hata hivyo hatuna budi kuuliza: je, huu si umilikaji mwingine, ingawa ni wa huruma? Katika kurasa zote hizi Srintil hapewi 'mimi' ya kusimulia. Hii ndiyo kasoro kubwa ya kazi hii, na kwa kiasi fulani ndiyo ukweli wake pia.

Ikumbukwe kwamba maandishi yenyewe yaliwahi kunyimwa njia. Vifungu kuhusu mateso ya 1965 na baada yake viliondolewa wakati wa utawala wa Suharto, vikarejeshwa katika toleo la mwaka 2003, miaka mitano baada ya utawala huo kuanguka.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba maisha, mali na safari si maudhui matatu yaliyopangwa sambamba katika riwaya hizi, bali ni fundo moja. Kingo za majaruba zinazokiunganisha kitongoji na Dawuan ni zilezile zinazopitisha nyati, dhahabu, mabango na askari. Anayeisoma Dukuh Paruk kama kisiwa atamlaumu mkulima kwa mila zake. Anayezifuata njia zake atauliza nani alizipita, alikuja kuchukua nini, na kwa nini mwenye mwili hakuulizwa.