Kufufua baiskeli kuukuu ya milimani

Baiskeli za milimani zilianza kuuzwa kwa wingi katika miaka ya 1980, baada ya kampuni ya Specialized kutoa Stumpjumper yake nchini Marekani mwaka 1981. Nyingi za enzi hiyo na ya miaka ya 1990 zina fremu ya chuma na magurudumu ya inchi 26, na bado huonekana kwenye marundo ya mitumba Mombasa na Dar es Salaam. Zinafufulika nyumbani kwa sababu vipuri vyake vikuu hufunguka kwa spana na kubadilishwa kimoja kimoja.

Kazi huanza na fremu. Bomba linaloshuka kutoka shingoni hadi kwenye krenki hupanguswa upande wa chini, karibu kabisa na shingo, kisha hupapaswa kwa kidole. Rangi iliyojikunja hapo, au bonde dogo linalohisiwa kwa ncha ya kidole, ni dalili kwamba baiskeli iligonga kitu kwa mbele. Fremu ya namna hiyo haifai kugharimiwa, hata kama kwingine kote inang'aa. Kutu ya juujuu haina neno. Ya kuogopwa ni ya ndani, ambayo hudondosha magamba fremu ikipinduliwa na kugongwagongwa.

Kikwazo kinachokatisha tamaa zaidi ni nguzo ya kiti iliyoganda. Nguzo kwa kawaida ni ya aluminiamu na fremu ni ya chuma. Metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, hasa wa chumvi, aluminiamu hulika na kutoa ungaunga mweupe unaojaza nafasi yote iliyokuwapo. Kinachofaa ni kuvua kwanza krenki na ekseli yake, kupindua fremu, na kumimina mafuta ya kulegeza kutu kupitia tundu la chini, ili yatuame juu ya nguzo usiku kucha. Moto, ambao mafundi wengi huukimbilia, unaweza kuharibu mambo: aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, hivyo nguzo ikipata joto pamoja na fremu huzidi kubana. Barafu juu ya nguzo hufaa zaidi, kwani nguzo hunywea kuliko fremu.

Wakati wa kuvua ekseli ya krenki, katika fremu nyingi za aina hii kikombe cha upande wa cheni hufunguka kwa kufuata mishale ya saa, kinyume cha nati ya kawaida. Pedali ya kushoto ni vivyo hivyo. Nyuzi nyingi zimekufa kwa kutojua hili tu.

Gololi hubadilishwa zote, kwani bei yake ni ndogo: 9 za robo inchi kila upande wa gurudumu la nyuma, na 10 ndogo zaidi kila upande wa lile la mbele. Koni zenye vishimo hutupwa pia, la sivyo grisi mpya itakuwa imepakwa bure. Koni hukazwa mpaka mchezo uishe bila ekseli kukwaruza inapozungushwa kwa vidole.

Cheni hupimwa kwa rula. Nafasi 24 kati ya pini na pini zikitoka inchi 12 kamili, cheni ni nzima. Zikizidi kwa 1/16 ya inchi, cheni ibadilishwe. Zikizidi kwa 1/8, meno ya gia nayo yamelika, na cheni mpya itarukaruka juu yake. Kebo, raba za breki na tairi zilizopasuka ubavuni hununuliwa mpya bila mjadala.

Rangi huja mwisho, na mara nyingi haihitajiki. Baiskeli inayodai rimu, gia na cheni mpya kwa mpigo ni afadhali ibaki ya kutolea vipuri.