Tingatinga, kigogota na mti unaokauka

Hebu itazame picha ya Tingatinga: ndege wakubwa, rangi za kung'aa, mti umetulia tu. Edward Saidi Tingatinga (1932–1972) alichora kwa rangi za baiskeli kwenye hadibodi, na waliomfuata wengi wameshika njia hiyohiyo. Ndege amepewa uhai wote, mti umebaki kiti chake. Hapo ndipo naona kasoro.

Sasa ukiwa Tumati au kwingine milimani Mbulu, tafuta msaiprasi, ule tunaouita mkrismasi. Kidukari mgeni anayeushambulia alionekana Malawi 1986, akafika Tanzania 1988. Hunyonya utomvu wa vitawi, na majani hukauka kuanzia ndani kwenda nje. Hakuna ndege aliyetoboa kitu. Kigogota anafuata funza na sisimizi, hasa kwenye mbao iliyokwisha kufa.

Kwa hiyo mchoraji anayeweka matundu ya kigogota kwenye mti unaokauka, halafu akaishia hapo, anamsingizia ndege. Mwenye miti yake ya mbao akiamini picha hiyo, atarusha mawe juu huku kidukari akiendelea kunyonya. Mchoraji, anza na kahawia ndani ya matawi, ndege aje baadaye. Rangi za baiskeli zinatosha kabisa.