Sifa za Fundi Redio wa Lushoto

Wapandao msitu wa Magamba kupiga picha hawajapata kumtimizia haki yake fundi redio wa Lushoto, ilhali bila ya ustadi wake wengi wangeteremka mikono mitupu. Msitu ule, uliopanda zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, una ukungu na vivuli vizito, hata kamera hulazimika kukaa wazi kwa sekunde kadhaa ili ipate nuru ya kutosha, na kidole kikiigusa, picha huharibika kwa mtikisiko. Ndipo ihitajiwapo rimoti ya waya. Na waya huo, kwa kukunjwakunjwa mkobani, aghalabu hukatika ndani karibu na pini, hali ganda lake ni zima, jambo liwahadaalo wenye pupa.

Fundi hahadaiki. Huupinda kidogo kidogo huku akiitazama mita yake mpaka abaini palipokatika. Kisha huambua ganda na kuzitenga nyaya 3 nyembamba: moja ya pamoja, ya pili ya kulenga, ya tatu ya kupiga. Kitufe cha rimoti kikibonyezwa nusu, ya kwanza hukutana na ya pili; kikibonyezwa kabisa, hukutana na ya tatu pia. Akizikosea, kamera itapiga kabla ya kulenga. Huzilehemu moja moja, akazifunika mbalimbali zisigusane, na (hili ndilo nilipendalo zaidi) hukata pia kipande kilicho jirani na jeraha, kwa kuwa shaba iliyokwisha kuchoka haiaminiki. Pini nayo ikiwa imeharibika, na kamera ni ya aina ipokeayo ile ya milimita 2.5, hupekua kopo lake la vyuma chakavu kabla ya kumtuma mteja dukani.